Akili Unde Haimkuzi Mwalimu Asiyeihoji

Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa kwa walimu nchini Tanzania. Leo mwalimu mwenye kishikwambi na bando anaweza kuiomba programu ya akili unde, kama ChatGPT, imtengenezee andalio la somo, na likawa tayari ndani ya dakika moja. Muda ameokoa. Je, ualimu wake umekua?

Mwaka 1986, Lee Shulman wa Marekani alieleza kuwa mwalimu hatoshelezwi na kulijua somo. Inambidi ajue namna ya kulifundisha likaeleweka, pamoja na makosa yanayowatatiza wanafunzi mara kwa mara. Mwaka 2006, Punya Mishra na Matthew Koehler waliongeza maarifa ya teknolojia, wakisisitiza kuwa maarifa ya somo, ya ufundishaji na ya teknolojia hushikamana. Ndiyo maana semina inayoishia kwenye kuwasha kifaa na kubofya humwacha mwalimu palepale alipokuwa.

Tuchukue hesabu ya sehemu: 1/2 + 1/3. Mwalimu anaomba swali la kuchagua, programu inamletea majibu manne: 5/6, 2/5, 2/6 na 1/6. Hapo ndipo kazi yake inapoanza. Anayechagua 2/5 amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Wa 2/6 amepata asili ya pamoja, ila hakubadili viasi. Wa 1/6 huenda amezidisha. Watatu hawa wote wamekosa, lakini hawahitaji msaada wa aina moja. Yule wa kwanza aulizwe: 2/5 ni kubwa au ndogo kuliko 1/2? Akiona kwamba alianza na nusu, akaongeza, kisha akabaki na pungufu ya nusu, atatambua mwenyewe kuwa njia yake ina kasoro. Mwalimu anayechambua majibu hivi anajifunza ualimu. Anayeyanakili ubaoni bila kuyapima hajajifunza kitu.

Uchambuzi huo ni wa lazima pia kwa sababu ya jinsi programu hizi zinavyofanya kazi. Hutunga sentensi kwa kukadiria neno linaloelekea kufuata, kutokana na maandishi mengi yaliyotumiwa kuzifunza, sehemu kubwa yakiwa ya Kiingereza. Zinaweza kukosea kwa lugha ya kujiamini kabisa, zikatumia istilahi zisizomo kwenye kitabu cha kiada, au zikapendekeza jaribio linalohitaji vifaa ambavyo shule haina.

Mwaka 2024 UNESCO ilitoa mwongozo wa umahiri wa walimu katika akili unde, wenye umahiri 15 katika nyanja tano. Nyanja ya kwanza inamweka binadamu mbele, na ya tano inahusu kuitumia teknolojia hii kujiendeleza kitaaluma.

Tanzania tayari ina mahali pa kufanyia uchambuzi huu na kujiendeleza huko: jumuiya za ujifunzaji shuleni, chini ya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Hata kwenye shida ya mtandao, bando la mwalimu mmoja linatosha. Alete andalio moja lililotungwa na programu, wenzake walipitie mstari kwa mstari: lipi ni sahihi, lipi halilingani na muhtasari, lipi halitawafaa watoto wetu? Walirekebishe, mmoja akafundishe, kisha arudi na madaftari ya wanafunzi waone walichoelewa. Majina na taarifa za watoto zisiingizwe kwenye programu hizo.

Wakuu wa shule wanaweza kuanza bila kusubiri kifaa kipya wala semina ya mjini. Wakitengee kikao hiki muda kwenye ratiba ya kila wiki, na wasikubali kikao kingine kiuchukue. Mwalimu akizoea kuuliza "kwa nini?" mbele ya wenzake, ataiuliza akili unde pia, na wanafunzi wake watamuiga.