Gharama za Kumiliki Ndege Ndogo (Sehemu ya Pili): Bei ya Saa Moja Angani

Sehemu ya kwanza ya mfululizo huu ilieleza mafunzo na leseni ya rubani binafsi. Sehemu hii inahusu swali ambalo wengi wa wanaoipata leseni hiyo hulikabili punde tu baada ya kuipata, yaani gharama ya kuwa na ndege yao wenyewe. Mfano utakaotumika ni Cessna 172, ndege ya injini moja ya pistoni na viti vinne, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1955, na ambayo zaidi ya 44,000 zimekwisha kuundwa, idadi ambayo haijafikiwa na ndege ya aina nyingine yoyote. Ndege hiyo imechaguliwa kwa sababu vipuri vyake hupatikana, mafundi wanaijua, na ndiyo inayotumiwa na shule nyingi za urubani, kuanzia uwanja wa Wilson jijini Nairobi hadi Marekani ilikoundwa. Gharama zake basi ni za chini zikilinganishwa na za ndege nyingi zinazokaribiana nayo kwa ukubwa, na asiyezimudu hizi hana sababu ya kuzipigia hesabu za ndege kubwa zaidi.

Bei ya kununulia ndiyo inayoulizwa kwanza, na ndiyo inayopotosha zaidi. Cessna 172 mpya huuzwa kwa zaidi ya dola 400,000 za Marekani, ilhali iliyoundwa katika miaka ya 1970 huweza kupatikana kwa sehemu ndogo tu ya fedha hizo. Pengo hilo lina historia yake. Viwanda vya Marekani viliunda zaidi ya ndege ndogo na za kati 17,000 katika mwaka 1978 peke yake, lakini kufikia mwaka 1994 idadi hiyo ilikuwa imeporomoka hadi chini ya 1,000, na miongoni mwa sababu kubwa zilizotajwa ni kesi za madai ya fidia, ambazo ziliwezesha mtengenezaji kushtakiwa kwa ajali ya ndege aliyoiunda miongo kadhaa kabla. Cessna iliacha kuunda ndege za injini moja ya pistoni mwaka 1986, ikarejea mwaka 1996, baada ya sheria ya mwaka 1994 kuweka ukomo wa miaka 18 wa madai hayo. Matokeo yake ni kwamba sehemu kubwa ya ndege zilizo ndani ya uwezo wa mtu binafsi leo zina umri wa miaka 40 au 50, na kile ambacho mnunuzi hakukilipa siku ya kununua atakilipa karakanani.

Baada ya ununuzi, gharama hugawanyika katika mafungu mawili ambayo ni lazima yatenganishwe. Fungu la kwanza ni gharama za kudumu, yaani zile zinazolipwa ndege iruke isiruke: bima ya ndege yenyewe na ya madhara kwa watu wengine, kodi ya hanga au ada ya maegesho, ukaguzi wa kila mwaka, na ada za usajili na vyeti. Fungu la pili ni gharama za saa, yaani zile zinazoongezeka kadiri ndege inavyoruka: mafuta, oili, ada za kutua, matengenezo ya kawaida na akiba ya injini. Gharama za kudumu ni sawa na majani ya ng'ombe wa maziwa, anayekula kila siku hata asipokamuliwa, na ndizo zinazoamua kama ndege itamfilisi mwenyewe au la.

Hesabu ifuatayo ni kielelezo tu, kwani viwango hutofautiana sana baina ya nchi na nchi, lakini inaonyesha mwenendo wa jambo. Ikiwa gharama za kudumu ni dola 12,000 kwa mwaka na gharama za saa ni dola 120, basi mtu anayeruka saa 50 kwa mwaka atatumia dola 18,000, ambazo ni dola 360 kwa kila saa. Anayeruka saa 200 atatumia dola 36,000, ambazo ni dola 180 kwa saa, nusu kamili ya mwenzake. Wapo wamiliki wengi ambao, wakibanwa na fedha, hupunguza safari wakidhani wanaokoa, kumbe wanachopunguza ni mafuta tu, huku bei ya kila saa inayobaki ikipanda. Kibaya zaidi ni kwamba kuiacha ndege ardhini huidhuru, na madhara hayo hujitokeza kwenye injini.

Injini inastahili maelezo marefu, kwa kuwa ndicho kipuri ghali kuliko vyote. Kila mtengenezaji hutaja muda kati ya ukarabati mkubwa mmoja na mwingine, ambapo injini hufunguliwa yote, hupimwa, na sehemu zilizolika hubadilishwa. Kwa injini za Lycoming zinazofungwa kwenye Cessna 172 nyingi, muda huo ni saa 2,000 au miaka 12, kutegemea kipi kinatangulia. Gharama ya ukarabati huo hufikia makumi ya maelfu ya dola. Ikichukuliwa kuwa ni dola 40,000, basi kila saa ya kuruka imekula dola 20 za injini, ingawa hakuna ankara inayoletwa siku hiyo. Mmiliki makini huziweka fedha hizo kando kila anaposhuka kutoka angani. Asiyefanya hivyo anakopa kutoka kwa injini yake, na deni hilo hulipwa kwa mkupuo mmoja. Hata akiiuza ndege kabla ya saa 2,000 kutimia hatalikwepa, kwa sababu mnunuzi huuliza kwanza saa zilizobaki na kupunguza bei kulingana nazo. Ni kweli kwamba katika nchi kama Marekani sheria haimlazimishi mmiliki binafsi kuifungua injini saa hizo zinapotimia, lakini ruhusa ya sheria haiongezi uhai wa chuma.

Kuhusu madhara ya kukaa bure, ni vyema kueleza kinachotokea ndani. Kemshafti, yaani mhimili unaofungua na kufunga vali, katika injini hizi za Lycoming umewekwa juu ya krankishafti, kwa hiyo ndege ikikaa wiki kadhaa oili huchuruzika chini na kuuacha mkavu. Unyevu uliomo ndani, ambao kwa sehemu ni zao la uunguaji wa mafuta wenyewe, huanzisha kutu. Na injini inapowashwa tena, kutu hiyo hukwaruza na kula nyuso zilizolainishwa kwa vipimo vidogo sana. Kuiwasha injini ardhini kwa dakika chache hakusaidii, bali huongeza unyevu, maana oili haipati joto la kutosha kuufukuza. Lycoming hupendekeza ndege irushwe angalau saa moja katika kila siku 30, joto la oili likiwa kati ya nyuzi 74 na 93 za Selsiasi. Kwa ndege inayolala Mombasa, Unguja au Mafia, ambako hewa ina chumvi, pendekezo hilo halina budi kuchukuliwa kama amri.

Mafuta ndiyo gharama kubwa zaidi katika fungu la saa. Cessna 172 hutumia takriban lita 33 kwa saa na huenda kwa mwendo wa kilomita 220 hivi kwa saa, kwa hiyo safari ya Nairobi hadi Mombasa humaliza takriban lita 70. Ugumu hasa uko katika aina ya mafuta. Ndege kubwa hutumia Jet A-1, ambayo ni jamaa wa mafuta ya taa na hupatikana katika kila uwanja wa kimataifa. Injini za pistoni zinahitaji petroli ya ndege, inayojulikana kama avgasi, ambayo huagizwa kwa kiasi kidogo na kuuzwa katika viwanja vichache. Mwenye ndege anayekwenda kiwanja cha mbugani au kisiwani hulazimika kubeba mafuta ya kurudia, na mafuta hayo huchukua nafasi ya abiria: lita 200 zina uzito wa kilo 144 hivi, na kwa kuwa Cessna 172 ya kisasa hubeba takriban kilo 400 za watu, mizigo na mafuta kwa jumla, zinazobaki ni kama kilo 256, yaani watu wazima watatu na mizigo yao. Viti ni vinne, lakini tangi likijaa ndege hiyo ni ya watu watatu.

Avgasi ina tatizo jingine, nalo ni risasi. Petroli ya magari yenye risasi ilikomeshwa duniani kote mwaka 2021, kama lilivyotangaza Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lenye makao yake Nairobi, ila avgasi iliyozoeleka bado ina madini hayo, ambayo huizuia isilipuke kabla ya wakati ndani ya silinda. Marekani imejiwekea lengo la kuiondoa ifikapo mwisho wa mwaka 2030. Injini za dizeli zinazotumia Jet A-1 zimekuwapo tangu mwanzoni mwa karne hii na hunywa mafuta machache zaidi, ingawa baadhi yake hubadilishwa nzima muda wake unapokwisha badala ya kukarabatiwa.

Kwa wanaoishi nyanda za juu kuna gharama ambayo vitabu vya Ulaya huigusia tu. Uwanja wa Wilson uko takriban mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, na hapo injini isiyo na turbo hupoteza zaidi ya asilimia 15 ya nguvu zake kabla jua la mchana halijaongeza lake. Hiyo ndiyo sababu wengi huona Cessna 172 haiwatoshi, wakachagua Cessna 182 yenye nguvu farasi 230, ambayo hutumia lita 45 hadi 50 kwa saa, na ambayo rafadha yake, yaani propela, hubadilisha pembe ikiwa angani na kwa kawaida huhitaji ukarabati wake wenyewe kila baada ya miaka 6 hivi.

Ukaguzi nao hauna njia ya mkato. Kanuni za Marekani hutaka ukaguzi kamili kila miezi 12, na ndege inayobeba watu kwa malipo hukaguliwa pia kila saa 100. Afrika Mashariki, mamlaka za usafiri wa anga kama KCAA ya Kenya na TCAA ya Tanzania hutaka kazi hiyo ifanywe na walioidhinishwa. Bei ya ukaguzi wenyewe hukadirika, lakini bei ya yatakayogunduliwa haikadiriki, hasa kwa ndege kuukuu: mwaka 2011 Cessna ilitoa nyaraka za ukaguzi wa ziada kwa ndege zake ndogo za zamani, zikilenga uchovu wa chuma na maeneo yanayoliwa na chumvi, na katika baadhi ya ndege kazi hiyo hugharimu fedha ambazo mwenyewe hakuziwazia.

Kutokana na yote hayo, mtu anayetarajia kuruka chini ya saa 100 kwa mwaka hana hoja ya kifedha ya kumiliki ndege peke yake. Akodi kwenye klabu au shule ya urubani, au aungane na wenzake watatu au wanne kwa mkataba ulioandikwa, ili gharama za kudumu zigawanywe na injini isikae bila kufanya kazi. Anayeamua kununua hata hivyo, na alisome daftari la injini kabla ya kuitazama rangi ya ndege, amlipe mhandisi asiyehusiana na muuzaji aikague, na awe na fedha za ukarabati mkubwa mmoja mkononi siku anapokabidhiwa funguo.