Sura ya 7: Leseni Ileile, Ndege Nyingine

Mwimbaji John Denver alikuwa rubani mzoefu, mwenye zaidi ya saa 2,700 angani. Tarehe 12 Oktoba 1997 aliruka peke yake kutoka uwanja wa Monterey, California, akiwa na ndege ndogo aina ya Long-EZ aliyoinunua karibuni. Muda mfupi baadaye ndege ilianguka baharini, naye akafa.

Long-EZ ilibuniwa na Burt Rutan, na wanunuzi wa michoro yake waliijenga wenyewe kwa kuifuata. Michoro iliuweka mkono wa kuchagua tangi la mafuta mbele ya rubani, katikati ya miguu. Aliyeijenga ndege ya Denver aliuhamishia nyuma ya bega la kushoto, na hakuutia alama. Ili kuufikia, rubani alilazimika kuachia usukani, ageuze kiwiliwili na kupeleka mkono wa kulia nyuma. Mtu akijipinda hivyo kitini, mguu wake wa kulia hujikaza wenyewe, na mguu huo uko juu ya kanyagio la kuigeuzia ndege kulia. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilihitimisha kwamba hivyo ndivyo ndege ilivyomponyoka. Bodi ilitaja pia kwamba hakujaza mafuta kabla ya kuruka, na kwamba mafunzo yake ya kuhamia ndege hiyo hayakutosha.

Naanza na kisa hiki kwa sababu rubani anayebadili ndege huhofia mambo makubwa: kasi, nguvu, uzito. Hayo anayatarajia, kwa hiyo anakuwa macho. Kinachomwangusha mara nyingi ni kitu kidogo ambacho mikono yake ilishazoea kukikuta mahali pengine.

Mfano wa karibu zaidi ni wa mwanafunzi aliyejifunza kwa Cessna 172, kisha akahamia Piper PA-28. Zote zina viti vinne na injini moja, na mwendo wao unakaribiana. Lakini mabawa ya Cessna yako juu, mafuta hushuka yenyewe kwa uzito wake, na mkono wa mafuta una nafasi ya kuyafungulia matangi yote mawili kwa pamoja. Rubani anaweza kuruka safari nzima bila kuugusa. Piper mabawa yake yako chini ya injini, kwa hiyo mafuta lazima yavutwe kwa pampu, na ipo pampu ya pili ya umeme ya akiba ambayo huwashwa wakati wa kuruka na kutua. Nafasi ya matangi yote mawili haipo: ni kushoto au kulia, na rubani ndiye anayehamisha kila baada ya muda. Asipohamisha, injini itazimika huku tangi la pili likiwa limejaa. Hakuna kilichoharibika; ni mazoea tu.

Kwenda Cessna 182 kunadai jambo jingine. Injini yake ina nguvu farasi 230, na propela yake hubadilisha pembe, hivyo kuna mkono wa ziada wa kuiongoza. Pua ni nzito. Anayetua nayo kama anavyotua na 172, bila kuvuta usukani vya kutosha, huigonga ardhi kwa gurudumu la mbele na kukunja ukuta unaotenganisha injini na chumba cha rubani. Ukarabati wake ni ghali mno. Marekani humtaka rubani athibitishwe na mwalimu kabla ya kurusha kama rubani mkuu ndege yenye injini inayozidi nguvu farasi 200. Injini ya Long-EZ ya Denver ilikuwa na nguvu farasi 150.

Kwa hiyo usipime haja ya mafunzo kwa sheria. Kwanza keti ndani ya ndege ikiwa imesimama, kitabu chake cha mwongozo mapajani, kisha fumba macho na uguse kila kitu kinapotajwa: mafuta, pampu, vibawa vya kutulia (flaps), redio. Rudia mpaka mkono usisite. Angani, pamoja na mwalimu, ipunguze mwendo hadi iache kubebwa na hewa, ujue inavyotoa onyo. Fanya zoezi la injini kuzimika kwa kasi ya ndege hii, si ya ile ya zamani. Hesabu upya umbali wa kuruka, hasa kwenye viwanja vya nyanda za juu. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari, na injini ya kawaida hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000.

Na kama mwenye ndege hana nafasi ya kukuonyesha mkono wa mafuta ulipo na unavyogeuzwa, usiirushe siku hiyo.