Vifaa vya nyumba vinapozibana sauti



Kamera ya lango, taa inayowashwa kwa simu, spika ya Bluetooth, televisheni, kifaa cha kumsikiliza mtoto aliyelala: vitu hivi vinaingia kidogo kidogo katika nyumba zetu. Siku kamera ikikata saa mbili usiku, tunalaumu kampuni ya intaneti, au tunamwambia Papa kwamba alinunua kamera ya bandia. Mara nyingine kosa haliko huko. Vifaa vyenyewe vinazibana.

Havitumii waya, vinatumia mawimbi ya redio, na vingi vimewekwa pahali pamoja, kwenye gigahezi 2.4. Wifi iko pale, Bluetooth iko pale, na maikrowevu inapasha chakula kwa mawimbi ya karibu hapo hapo. Ni kama soko la Kadutu: kila muuzaji ana sauti nzuri, lakini wote wakipaza pamoja, mnunuzi hasikii bei. Jioni majirani wa kartiye wakirudi na kuwasha wifi zao, kelele inazidi. Wifi wengi katika jiko moja, mnajua mambo yake!

Tufanye nini?

Kwanza, ruta ikae juu na katikati ya nyumba. Isifichwe nyuma ya televisheni, friji au pipa la maji. Chuma inazuia mawimbi, maji yanayameza.

Pili, badilisha chaneli. Gigahezi 2.4 ina chaneli 13 katika nchi nyingi, lakini zilizo jirani zinapandana. Chaneli 1, 6 na 11 ndizo zisizogusana. Programu za bure za simu zinaonyesha majirani wako wapi; chagua kati ya hizo 3 ile yenye watu wachache. Kama hujui kufungua ruta, mwombe kijana wa nyumbani au fundi.

Tatu, kama ruta yako ina gigahezi 5 pia, hamishia huko televisheni na simu. Kuna nafasi zaidi, ila mawimbi yake hayapiti vizuri kwenye kuta. Taa na kamera za mbali zibaki kwenye 2.4.

Nne, usiweke ruta karibu na maikrowevu. Kiasi kidogo kinachopenya kinatosha kuvuruga wifi. Hiyo si alama ya hatari kwa watoto, mradi mlango wake unafunga vizuri na haukuharibika.

Ukishindwa kumjua mkosaji, zima vyote, kisha washa kimoja kimoja. Kitakachowashwa na kamera ikakata, ndicho.

Jambo moja tusilisahau. Kifaa cha mtoto kikinyamaza, usiseme tu kwamba mtoto analala. Pengine mawimbi yamekatika. Kijaribu kila jioni kabla ya kumlaza, na uende kumtazama kwa macho yako. Kamera ya lango nayo iwe na kadi ya kumbukumbu, ili iendelee kuhifadhi picha hata wifi ikipotea.

Kabla ya kutoa pesa kununua kifaa kipya, hamisha kwanza ruta. Kazi hiyo ni ya dakika 10, na haidai hata faranga moja.