Mkono wa Kushoto wa Kombo: Utangulizi wa Mchezo wa Mauaji wa Kuchekesha kwa Mwigizaji Mmoja

Ukisema unataka kutunga mchezo ambamo mtu ameuawa, muuaji anasakwa, watazamaji wanacheka, na wahusika wote unawaigiza wewe peke yako, huenda wenzako wakakutazama kwa huruma. Usivunjike moyo, mpenzi msomaji. Sanaa hii ina misingi yake, na nusu ya misingi hiyo umeijua tangu utotoni.

Kumbuka bibi alivyotamba ngano za sungura na fisi. Hakuwa na jukwaa wala maleba, yaani mavazi ya kuigizia. Sauti ikienda mbio, huyo sungura. Ikishuka na kukwama kooni, huyo fisi. Hakuna mtoto aliyeuliza ni nani anayesema. Katika fasihi simulizi, mtambaji huyo huitwa fanani, na wanaomsikiliza huitwa hadhira. Mchezo wa mtu mmoja ni kazi hiyohiyo ya fanani, ila imepandishwa jukwaani na simulizi imepunguzwa ili vitendo vizidi.

Nusu ya pili ni upelelezi, nao pia si mgeni kwetu. Tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960, wasomaji wa Kiswahili wamemfuata mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, wakijifunza kwamba jambo la kutisha huelezeka ukilitazama kwa utulivu. Kazi yetu ni kumkutanisha bibi na Bwana Msa katika mwili mmoja.

Tuanze na fumbo, kwa sababu vichekesho bila fumbo vitachosha baada ya dakika kumi. Mchezo wa mauaji hutungwa kuanzia mwisho. Kabla hujaandika neno la kwanza la mazungumzo, jua nani aliua, kisha umpe mambo matatu: sababu ya kuua, nafasi ya kuua, na njia ya kuua. Washukiwa wengine wape mawili tu kati ya hayo. Huyu alikuwa na sababu na njia lakini hakuwapo. Yule alikuwapo na njia anayo, lakini kifo kile kinamtia hasara. Ukishapanga hivyo, rudi nyuma ukipanda vidokezo. Kidokezo ni jambo dogo linaloonekana au kusikika mapema, ambalo maana yake hufunguka baadaye. Ndugu yake mwongo tumwite chambo: jambo linaloonekana zito ilhali limewekwa ili kuwapoteza watazamaji njia.

Hapa kuna haki ya kulinda. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri wa Kiingereza aliyeandika pia hadithi za upelelezi, alitoa kanuni 10 za kazi hiyo. Mojawapo inamtaka mpelelezi asifiche kidokezo alichokigundua. Nyingine inakataa nguvu za mizimu. Kanuni hizo zilikusudiwa vitabu, lakini jukwaani zina uzito zaidi. Msomaji anaweza kurudi ukurasa wa nyuma; mtazamaji hawezi, na akihisi amedanganywa hatacheka tena.

Sasa tujenge mfano. Bwana Kitundu, mwenye nyumba mchoyo wa Tanga, amekutwa amekufa mezani. Chai yake ilitiwa sumu. Mbele yake kuna kikombe cha pili, cha mgeni, na sahani ya vitumbua. Washukiwa ni watatu: Bi Zuhura, dada yake, Fundi Shija, aliyemjengea ukuta asilipwe, na Kombo, mpangaji anayedaiwa kodi ya miezi 9. Anayechunguza ni Inspekta Makini, ambaye ana kasoro moja: ana njaa, na vitumbua vile ni ushahidi.

Angalia tumemchagua marehemu wa namna gani. Kicheko kinahitaji kuwa mbali na uchungu. Marehemu awe mtu ambaye hakuna anayemlilia sana, kifo kitokee kabla taa hazijawaka, na usichukue kamwe kisa cha kweli cha mtaani kwako. Wahusika wenyewe wasijue kwamba wanachekesha. Inspekta anakitafuna kitumbua cha tatu kwa uzito wote wa kazi yake.

Swali linalowasumbua wanaoanza ni hili: watazamaji watajuaje ni nani anayesema? Jibu ni alama ya mhusika, yaani kitu kimoja cha mwili ambacho hakibadiliki. Bi Zuhura huinua kidevu na kushika kiuno. Fundi Shija huinama akisugua viganja kana kwamba saruji haijamtoka. Kombo hushika kila kitu kwa mkono wa kushoto. Alama ianze kabla ya sauti, ili mhusika atambulike kabla hajasema neno. Ongeza mstari wa macho, yaani mahali ambapo kila mhusika hutazama anapozungumza na mwenzake. Bi Zuhura, aliyesimama, hutazama chini kulia. Kombo, aliyeketi mkekani, hutazama juu kushoto. Ukilenga palepale kila mara, watazamaji wataanza kumwona hata yule ambaye kwa wakati huo hayupo.

Huenda unawaza kwamba utahitaji mavazi mengi. Hapana. Katika mchezo wa Doug Wright uitwao I Am My Own Wife, uliopata tuzo ya Pulitzer mwaka 2004, Jefferson Mays aliwaigiza wahusika zaidi ya 30, na karibu muda wote alivaa gauni moja jeusi. Kwetu sisi kiti, shuka na vikombe viwili vinatosha. Maiti je? Shuka ikitandazwa juu ya kiti, Bwana Kitundu amekwisha kufa.

Tumefika kwenye kiini cha sanaa hii. Mapema katika mchezo, Kombo anapokea kitumbua.

“Kombo, mkono gani huo?” anafoka Bi Zuhura.

“Nisamehe, Bi Mkubwa. Wa kulia umechoka kuhesabu madeni.”

Watu wanacheka. Dakika 15 baadaye Inspekta, mdomo umejaa, anasoma daftari lake: kikombe cha mgeni kilikutwa mshikio wake umeelekea upande wa kushoto wa aliyekitumia. Watu wanacheka tena, kwa sababu ya kitumbua. Kidokezo kimepita mbele yao mara mbili, kikiwa kimejifunika kicheko. Tena kimejifunika kitu kingine ambacho mchezo wa waigizaji wengi hauna: watazamaji walidhani mkono wa kushoto ni alama tu ya kumtofautisha Kombo na wengine. Walichokiona kuwa msaada wa mwigizaji mmoja ndicho ushahidi wenyewe. Basi usiuone upweke wa jukwaani kuwa upungufu unaoombewa radhi. Hapo ndipo pa kuficha siri.

Ukimaliza kuandika, tafuta mwongozaji, yaani mtu wa kukutazama na kukusahihisha, maana huwezi kujiona. Kisha waite majirani watano, uwachezee, na usimame kabla muuaji hajatajwa. Waulize ni nani. Wakimtaja Kombo wote, kidokezo kiko wazi mno. Ukiwafunulia na wakabaki kimya, umekizika mno. Unachotafuta ni ile “Alaa!” inayofuatwa na mtu kujipiga paji la uso.

Anza na wahusika wasiozidi wanne na dakika 20. Kabla ya yote, jizoeze nyumbani tendo la mwisho la mfano wetu: Inspekta anatangaza jina, Kombo anataka kukimbia, na jukwaani kuna mtu mmoja. Mkono wa kulia unaudaka wa kushoto. Wa kushoto unapapatika, unafurukuta, unapapasa meza ukitafuta kitumbua cha mwisho. Wa kulia unakiwahi.