Fidla kwa Mwanakwaya (2): Vidole Viguse Wapi?

Wiki iliyopita tuliikalisha fidla begani na kushika upinde. Leo tuje kwenye jambo linalowatisha wengi. Shingo la gitaa lina vyuma vidogo vinavyomwonyesha mpigaji mahali pa kubana uzi; la fidla ni tupu. Kidole kikisogea upana wa punje ya mchele tu, sauti imekwenda upogo.

Hapa ndipo mwanakwaya wa hapa kwetu Katindiuka anapowatangulia wengine, ingawa mwenyewe hajui. Aliyelelewa kwa do-re-mi tayari ana nusu ya fidla masikioni. Nyuzi zake nne, kuanzia ule mnene, ni G, D, A na E, na kutoka uzi mmoja hadi unaofuata ni mwendo wa do hadi so. Piga uzi wa D, uufanye do, kisha imba ukipanda mpaka so. Uzi wa A ukilingana na so yako, umekaa sawa.

Sasa skeli. Uzi wa D bila kidole ni do. Kidole cha shahada hutoa re, cha kati mi, cha pete fa. Mi na fa zimeachana kwa nusu hatua, kwa hiyo vidole hivyo viwili vigusane. So haibanwi: ni uzi wa A wenyewe. Juu ya uzi huo vidole vilevile, kwa mpangilio uleule, hutoa la, ti na do ya juu. Oktava nzima kwa vidole vitatu! Wanaobandika karatasi shingoni ziwe alama sina ugomvi nao, ila wazibandue mapema, maana sikio likizoea kuongozwa na jicho huwa vivu.

Utupu huohuo wa shingo ndio unaoifaa taarab. Maqamu, yaani skeli za Kiarabu, zina sauti zinazolala kati ya funguo mbili za kinanda. Kidole cha fidla huzifikia kwa kusogea kidogo. Nadi Ikhwan Safaa, klabu ya taarab ya Unguja iliyoanzishwa 1905, imejengwa juu ya muziki wa namna hiyo, na tangu 2002 Dhow Countries Music Academy inaufundisha pale Mji Mkongwe.

Neno moja kuhusu hali ya hewa ya bondeni kwetu. Masika mbao hunyonya unyevu na vigingi vya kukazia nyuzi hukwama, usivilazimishe, vitavunjika. Kiangazi hulegea, nyuzi zikashuka usiku kucha. Vipake chaki kidogo ya ubaoni. Wala usiiache fidla ndani ya gari juani, kwani gundi yake huachia kwa joto.

Wiki hii msikimbilie nyimbo. Imbeni kila noti kwanza, ndipo muipige kwa upinde mzima, taratibu. Juma lijalo tutaingia uzi wa G.