Mmekaa, mmepiga kura, mmemtoa mwenzenu kwenye Till. Je, mkutano wenu ulikuwa halali?

Mtu anafika kwenye kaunta na karatasi moja mkononi. Juu imeandikwa "Kumbukumbu za Mkutano", chini kuna sahihi mbili na mhuri wa kampuni. Anataka jina la mwenzake litolewe kwenye nambari ya Till ya biashara, na anataka leo leo. Siku mbili baadaye yule mwenzake anapiga simu: "Mkutano gani? Mimi sikuambiwa kitu!"

Kama una kampuni ndogo na rafiki, ndugu au mke wako, soma hii kabla hamjakosana. Na kama tayari mmekosana, isome polepole.

Tuchukue mfano. Watu watatu wamesajili kampuni ya kuuza gesi ya kupikia huko Nakuru. Wa kwanza yuko Doha kikazi. Ndiye aliyetoa mtaji mkubwa na ana asilimia 45 ya hisa. Wa pili anasimamia duka na ana asilimia 35. Wa tatu, mwenye pikipiki za kupeleka mitungi, ana 20. Wote watatu ni wakurugenzi. Biashara inakua, maneno yanaanza, na Jumapili moja wale wawili walioko nyumbani wanakutana kwenye nyama choma. Wanakubaliana kumtoa wa Doha kwenye ukurugenzi na kwenye akaunti za malipo. Wanaandika, wanapiga mhuri, basi.

Hesabu yao si mbaya. Asilimia 35 na 20 ni 55, na Sheria ya Makampuni ya 2015, kifungu cha 139, inaruhusu wanahisa kumwondoa mkurugenzi kwa azimio la kawaida, yaani zaidi ya nusu ya kura. Kura wangeshinda. Shida ni kwamba ule haukuwa mkutano. Ulikuwa chakula cha mchana.

Kwanza, tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huchanganya kila siku. Mwanahisa ni mwenye kampuni. Mkurugenzi ni mwenye kuiendesha. Kwenye kampuni ndogo mara nyingi ni mtu yule yule, ndiyo maana tunasahau kwamba kuna mikutano ya aina mbili. Kubadilisha nani anatia sahihi benki au nani anasimamia Till, kwa kawaida hiyo ni kazi ya mkutano wa wakurugenzi. Kumwondoa mkurugenzi ni kazi ya mkutano wa wanahisa. Na hata ukimwondoa kwenye ukurugenzi, hisa zake ziko pale pale. Hakuna kura ya kumfuta mtu kwenye hisa zake kama vile unamtoa kwenye grupu ya WhatsApp. Hisa huhama kwa hati ya uhamisho aliyoitia sahihi mwenyewe, au kwa amri ya mahakama.

Sasa, mkutano wa wanahisa unakuwa mkutano kwa sababu ya notisi. Kwa kampuni ya kibinafsi sheria inataka angalau siku 21, na katiba ya kampuni yenu inaweza kutaka zaidi. Notisi iseme tarehe, saa, mahali, na jambo litakalojadiliwa. Ni salama zaidi kutohesabu siku uliyoituma wala siku ya mkutano wenyewe. Kisha lazima iende kwa kila mwanahisa, hata yule unayejua atapinga. Hasa yule. Sheria husamehe ikiwa mmoja alirukwa kwa bahati mbaya. Kumruka makusudi kwa sababu "angetuletea fujo" si bahati mbaya, na hapo ndipo maamuzi mengi huangukia mahakamani.

Kumwondoa mkurugenzi kuna ngazi moja zaidi: notisi maalum. Anayependekeza aondolewe lazima aijulishe kampuni siku 28 kabla ya mkutano, na kampuni impelekee mhusika nakala. Ana haki ya kujitetea kwa maandishi na kusikizwa kwenye mkutano. Tena, jambo hili haliwezi kufanywa kwa azimio la kuzungushwa watu watie sahihi bila kukutana. Mambo mengine ya kampuni ya kibinafsi yanaweza kupitishwa hivyo, hili hapana. Kwa hivyo ile "Tumekubaliana hapa kwa grupu, thumbs up tatu" haimtoi mkurugenzi yeyote.

Mtu atauliza: yule wa Doha atahudhuria vipi? Anaweza kumtuma mwakilishi ampigie kura. Hiyo ni haki yake kisheria. Na tangu marekebisho ya 2021, sheria imetambua mikutano ya mtandaoni. Kwa hivyo "yuko mbali" si sababu ya kutomwita.

Halafu kuna akidi, yaani idadi ya chini ya watu ili mkutano uendelee. Kama katiba haisemi vingine, kampuni yenye wanahisa zaidi ya mmoja inahitaji wawili. Kwa mfano wetu haina shida. Lakini kwa kampuni ya watu wawili, nusu kwa nusu, mmoja akikataa kuja hakuna mkutano hata ukiita mara kumi. Watu hukwama hapo kwa miezi, mishahara ikichelewa na wenye bidhaa wakidai. Njia ipo: Mahakama Kuu inaweza kuamuru mkutano ufanyike na hata kusema mtu mmoja anatosha kuwa akidi. Ni gharama, ndiyo, na kusema kweli hisa za nusu kwa nusu ni mtego tunaoupenda sana kwa sababu unaonekana wa haki.

Vipi kama wakurugenzi ndio wanakwepa kuita mkutano? Mwanahisa, au wanahisa kwa pamoja, wenye angalau asilimia 10 ya mtaji uliolipwa wenye haki ya kura wanaweza kuwaandikia wakitaka mkutano. Wakurugenzi wana siku 21 kuuita. Wasipoita, walioomba wanaweza kuuita wenyewe, na gharama ya maana wanairudishiwa na kampuni. Hata mwenye asilimia 20 katika mfano wetu ana nguvu hiyo peke yake.

Tuseme basi wale wawili wamefuata kila hatua, wakashinda kwa 55. Imeisha? Si lazima. Kuna kesi ya Uingereza ambayo bado hutajwa sana katika sheria ya makampuni, Ebrahimi dhidi ya Westbourne Galleries. Ebrahimi na Nazar waliuza mazulia pamoja kama washirika, nusu kwa nusu, kisha mwaka 1958 wakaunda kampuni. Kila mmoja alianza na hisa 500, halafu kila mmoja akampa mtoto wa Nazar hisa 100. Mwaka 1969 baba na mtoto walitumia kura zao 600 kumwondoa Ebrahimi kwenye ukurugenzi. Mkutano ulifuata sheria. Lakini faida ya kampuni ilikuwa ikigawanywa kama malipo ya wakurugenzi, bila gawio la hisa, kwa hivyo kumtoa kulimkatia riziki yote huku pesa yake ikibaki ndani. Mwaka 1972 Baraza la Mabwana, mahakama ya juu ya Uingereza wakati huo, lilikubali kampuni ivunjwe kwa sababu ya haki na usawa.

Hapa Kenya mwanahisa aliyeonewa ana pia kifungu cha 780 cha Sheria ya Makampuni. Anaenda Mahakama Kuu, na mahakama inaweza, kati ya mambo mengine, kuamuru wenzake wanunue hisa zake kwa bei ya haki. Mara nyingi hilo ndilo suluhisho lenye akili, na mnaweza kulifikia wenyewe mezani mkiwa na mhasibu, kabla ya mawakili wa pande mbili kula faida ya miaka mitatu.

Turudi kwenye pesa zenu. Kumbukumbu za mkutano zitunzwe kwa miaka 10, pamoja na ushahidi kwamba notisi ilitumwa: barua pepe, risiti ya kurejista, picha ya ujumbe. Mkurugenzi akibadilika, peleka taarifa kwa Msajili kupitia eCitizen kisha utoe CR12 mpya, kwa maana hiyo ndiyo karatasi ambayo benki au kampuni ya malipo itaangalia kwanza. Kumbukumbu zikisema moja na CR12 ikisema lingine, tarajia kuambiwa usubiri.

Na ugomvi ukiendelea, usihamishe pesa za Till kwenda nambari yako binafsi eti "nazihifadhi". Ni pesa za kampuni, hata kama wewe ndiye mwenye hisa nyingi, na kila muamala una tarehe, saa na jina lako. Kama wewe ndiye uliyetolewa bila kuitwa, usimalizie hasira kwenye grupu. Andika mara moja kwa benki na kwa kampuni ya malipo, ambatanisha CR12, na useme wazi kwamba hukupata notisi. Sisi hatuwezi kuamua nani mwenye kampuni, lakini tukijua kuna mgogoro tunaweza kusimamisha mabadiliko ya wasimamizi hadi mlete makubaliano yenye sahihi za wote au amri ya mahakama.