Tetea Aatamiaye na Kifaranga wa Kununua

Katika vijiji vingi vya Tanzania, mfugaji anayetaka kuongeza idadi ya kuku wake ana njia mbili. Ya kwanza ni ile ya mababu: kumwachia tetea mayai yake ayaatamie mpaka yaanguliwe. Ya pili ni kununua vifaranga wa siku moja waliototolewa kwa mashine. Mara nyingi uchaguzi huu huamuliwa kwa kutazama bei ya kifaranga peke yake. Hesabu hiyo haitoshi. Kila kifaranga, popote alipoanguliwa, huhitaji joto, ulinzi na chakula katika majuma yake ya mwanzo. Swali la msingi ni nani atakayegharamia mahitaji hayo: mfugaji au kuku?

Kazi ya tetea kiotani

Yai la kuku huchukua siku 21 kuanguliwa. Mashine yenye feni huliweka katika joto la nyuzi 37.5 hivi za sentigredi, huligeuza mara kadhaa kila siku ili kiinitete kisigande kwenye utando wa ndani ya gamba, na katika siku 3 za mwisho huongezewa unyevu. Tetea hufanya kazi hiyo bila umeme. Homoni iitwayo prolaktini inapozidi katika damu yake, huacha kutaga. Manyoya ya tumboni hupungua, na ngozi iliyo wazi, yenye damu nyingi, huyapa mayai joto kwa kuyagusa. Huyageuza kwa mdomo na miguu, na kwa kawaida hutoka kiotani mara moja hivi kwa siku, kwa muda mfupi tu, ili ale na kunywa. Vifaranga wanapokaribia kutoka huanza kulia wakiwa bado ndani ya gamba, naye huwajibu.

Hata hivyo, huduma hii si ya bure; malipo yake ni muda. Tetea wa kienyeji hutaga mayai 12 hadi 15 hivi katika mzunguko mmoja, kisha huatamia kwa majuma 3, na akiachiwa watoto huwalea kwa miezi 2 au zaidi. Katika kipindi hicho chote cha kuatamia na kulea hatagi. Ndiyo maana kwa mwaka hukamilisha mizunguko 3 au 4 tu, ilhali kuku wa kisasa wa mayai, akitunzwa vyema, huweza kutaga mayai yapatayo 300. Kuku huyo wa kisasa amefikia hapo kwa kuchaguliwa kizazi baada ya kizazi, na katika uchaguzi huo hamu ya kuatamia imeondolewa. Utagaji mwingi na uatamiaji havikai pamoja katika kuku mmoja.

Mfugaji anapokuwa mama

Vifaranga wa kununua wana faida zilizo wazi. Hupatikana kwa wingi, wote wa umri mmoja, na mara nyingi huwa wamekwisha kupata baadhi ya chanjo. Kwa mfugaji anayelenga soko, jambo hili ni la maana sana.

Lakini anayewanunua hununua pia kazi ya mama. Katika juma la kwanza vifaranga huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, lipunguzwe kwa nyuzi 3 hivi kila juma mpaka waote manyoya. Pasipo umeme, joto hilo hutoka kwa jiko la mkaa au taa ya chemli, ambazo huleta moshi na hatari ya moto. Vifaranga wenyewe ndio kipimajoto bora: wakirundikana na kulia, wanaona baridi, wakikimbilia kingoni huku wakihema kwa midomo wazi, joto limezidi. Aidha, chotara wanaozalishwa wenyewe kwa wenyewe huzaa watoto wasiofanana na wazazi, kwa hiyo anayetaka sifa zilezile hulazimika kununua upya kila mara.

Adui wa wote

Wahenga walisema, kuku mwenye watoto halengwi jiwe. Bahati mbaya mwewe, kicheche na kideri hawakuusikia usemi huo. Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, huweza kuua karibu kuku wote wasiochanjwa katika kijiji. Chanjo ya I-2, inayostahimili joto kuliko chanjo nyingi za zamani, hutolewa kwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Pasipo chanjo, njia zote mbili huishia katika hasara.

Kuziunganisha njia hizo

Mfugaji mwenye matetea kadhaa anaweza kupata vifaranga wengi wa umri mmoja. Tetea aliyetangulia kuatamia apewe mayai viza machache ili asiache kiota, mpaka wenzake nao waanze. Hapo wote wawekewe, siku moja, mayai 10 hadi 12 kila mmoja. Mayai hayo yawe safi, yasiyo na nyufa, yaliyokaa mahali penye ubaridi kwa muda usiozidi siku 7. Siku ya 7 yapimwe gizani kwa tochi: lenye uhai huonyesha mishipa kama utando wa buibui, lililo jeupe tupu liondolewe.

Hali kadhalika, vifaranga wa siku moja walionunuliwa huweza kupenyezwa usiku chini ya tetea aliyekaribia kuangua, ambaye hana chawa wala utitiri. Asubuhi achunguzwe kama amewakubali. Vifaranga wakifikisha majuma 4 watengwe naye, wafungiwe kwenye tenga au banda imara na kulishwa. Tetea aliyeondolewa watoto mapema hurudi kutaga mapema.

Basi mwenye umeme, mtaji wa chakula na soko la uhakika anaweza kununua. Asiye navyo asimdharau tetea wake, bali amsaidie kwa kiota kikavu, chanjo na banda. Kabla ya kuuliza bei ya kifaranga, kila mmoja ajiulize kwanza atampa nini katika majuma 4 yajayo.